Aliyefika Kabla ya Tufail

Mama mmoja wa Nazimabad alifungua geti lake, akamkagua Tufail kuanzia kofia ngumu hadi viatu, akauliza, "Sasa wewe umerudi kufanya nini?"

"Nimekuletea nihari yako, dada."

"Si umeshaileta? Tunaila."

Na kweli walikuwa wanaila. Tufail alichungulia juu ya bega la yule mama akawaona, baba na wanawe wamezunguka bakuli, vidole vinang'aa mafuta. Akacheka kidogo, kama mtu anayetaniwa, akarudi kwenye pikipiki ili aonyeshe kuwa mzigo bado anao. Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na ubaridi tu. Hamna bakuli, hamna mikate, wala harufu haikubaki, na nihari ni mchuzi ambao ukiubeba mchana, usiku mto wako unanukia.

"Umechoka, kaka," yule mama akasema, akafunga geti.

Mimi majini nimewasikia wa kila namna: wa chooni, wa kisimani, wa kabatini, na mmoja wa Hyderabad aliyekuwa akilalamika kuwa majirani zake binadamu wana kelele. Nimewasimulia mbele ya wanaume wenye ndevu wakaomba wasindikizwe kwenda kujisaidia. Wote hao nawasimulia huku natafuna karanga. Huyu wa Tufail ndiye peke yake anayenifanya niweke karanga chini, kwa sababu hakutumwa na mchawi wala hakutoka kwenye chupa. Aliitwa kwa kubonyeza simu.

Tufail alikuwa dereva wa pikipiki wa kampuni moja ya kupeleka chakula hapa Karachi, ile ya majaketi ya zambarau. Oda ikiingia, simu inaanza kuhesabu dakika kurudi nyuma, na dakika zenyewe zimepangwa na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, ambaye ramani yake haina malori ya maji, haina punda, haina harusi iliyofunga barabara, haina mashimo. Ukichelewa unakatwa. Ukichelewa tena na tena, simu inakufungia, na siku hiyo unarudi nyumbani na jaketi lako begani kama bwana harusi aliyekataliwa. Basi madereva walikuwa na dawa yao. Ukiona dakika zinaisha na bado uko mbali, unabonyeza pale palipoandikwa NIMEFIKA, halafu unampigia mteja upesi upesi kumwambia uko getini, asije akalalamika. Kila dereva anafanya hivyo. Ni uongo wa kazi, kama ule wa fundi cherehani anayekuambia nguo yako iko kwenye pasi wakati kitambaa hakijakatwa.

Lakini siku hiyo ya nihari Tufail alikuwa amebanwa. Lori la maji lilikuwa limeziba njia kando ya makaburi ya Sakhi Hassan, adhana ya magharibi ndiyo inaanza, na mteja ni mbishi.

"Niko getini, dada."

"Mbona sikuoni?"

Tufail ameegemeza mkono mmoja kwenye ukuta wa makaburi, mwingine umeshika simu, na dakika zinakatika. Akasema, "Wallahi, dada, huyu hapa mimi, nimesimama getini kwako."

Maneno ya namna hiyo hayasemwi kando ya makaburi saa ile ambayo akina mama wanaingiza watoto ndani. Ameapa kwa Mungu kuwa yupo mahali asipokuwepo. Kule Nazimabad likabaki pengo lenye umbo la Tufail, limesimama mbele ya geti, tupu, halina mtu ndani. Na wapo wasio na umbo, wanaolingoja pengo kama hilo kwa miaka.

Aliogopa siku moja. Siku ya pili akaanza kufaidi.

Ndiyo, Tufail ndivyo alivyo, mumjue mapema. Mungu alipogawa uvivu Tufail alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na ni mara hiyo moja tu katika maisha yake aliyowahi kufika mapema. Alikuwa akichukua chakula hotelini, anakata kona, anasimama pasipo na watu, anabonyeza, anaapa kiapo chake. Pikipiki inanyanyuka kidogo nyuma, kama abiria ameshuka. Sanduku linakuwa jepesi. Kisha Tufail anakwenda kukaa kwenye kibanda cha chai na kunyoosha miguu, huku simu yake ikilia sifa: mteja ameridhika, mteja ameridhika.

Aliyekuwa akimtazama ni Jumman, dereva mzee kuliko wote kituoni, ndevu zake amezitia hina, mdomo wake hauna breki.

"Wewe Tufail, siku hizi pikipiki yako inakunywa chai kuliko petroli."

"Wivu huo, ami. Kaa nikuagizie kikombe."

Jumman hakukaa. Akamsogelea, akashusha sauti. "Jana nilikupita hapa hapa, umekaa na kikombe. Nikafika Gurumandir, ukanipita wewe. Usinieleze. Nina watoto saba, sitaki kujua. Nakuambia nilichosikia tu."

"Umesikia nini?"

"Sikusikia. Hilo ndilo. Pikipiki haina mngurumo. Gurudumu tu, sss, kama mtu anapasua kitambaa kirefu."

Tufail akanywa chai yake, ila hakuimaliza.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu na jini lake, lau si meneja. Aliitwa Faraz, kijana anayevaa viatu bila soksi kwa makusudi. Asubuhi moja aliwakusanya madereva wote kituoni, akamsimamisha Tufail mbele kama fahali wa maonyesho.

"Huyu hapa," akasema. "Barabara ile ile, pikipiki ile ile. Anafika kwa nusu ya muda mliopewa. Maana yake nini? Maana yake muda mliopewa ni mrefu mno."

Jumman akanyoosha mkono. "Bwana Faraz, muda huo mtu anaupata akiwa maiti. Maiti hasimami kwenye taa."

Watu wakacheka. Faraz naye akacheka, alikuwa na tabia nzuri ya kucheka. "Sera imeshapita, ami. Lakini usalama kwanza." Akaonyesha bango kubwa lililoandikwa USALAMA KWANZA. Lilibandikwa nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango ukiwa wazi halionekani, na mlango ule ulikuwa wazi kutwa nzima.

Tufail alitaka kusema. Aliniapia hivyo mwenyewe baadaye, na kwa kuwa sasa anaapa kwa uangalifu, nilimwamini. Lakini angesema nini? Bwana meneja, si mimi? Akanyamaza, na muda wa kituo kizima ukakatwa.

Wiki ile haikuisha. Jumman, akiwa na biriani mbili nyuma na simu inamlilia kifuani, alivuka taa nyekundu pale Lasbela, na lori la maji lililokuwa na haki ya njia likaitumia.

Tufail alimkuta hospitali ya serikali, mguu umening'inizwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu na kuvutwa na matofali mawili, matofali haya haya ya kujengea.

"Biriani ilifika?" Jumman akauliza.

"Haikufika, ami."

"Basi andika, mimi ndiye wa kwanza kuchelewa kwa muda wako." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda. Kisha akamvuta Tufail kwa kola, mpaka sikio likawa karibu na mdomo. "Alisimama, yule mwenzako. Nimelala barabarani, damu iko machoni, nikaona jaketi la zambarau limeniinamia. Nikasema, Tufail, mwanangu, nishike mkono. Akaitazama simu yake. Akaondoka."

"Uliona uso?"

Jumman akageukia ukutani.

"Ami. Uliona uso?"

"Ni wako. Ungekuwa wa mnyama ningelala vizuri. Ni wako huo huo, Tufail, ila hauna mahali pa kutulia."

Kutoka pale Tufail alikwenda moja kwa moja kituoni, akavua jaketi na kuliweka mezani kwa Faraz. Faraz akamwambia haiwezekani, yeye ni mfano, makao makuu wanamjua kwa jina, na jina hilo halitafutwa kwenye simu. Tufail akamwachia jaketi na mfano, akazima simu, akapanda pikipiki yake na kuelekea kwake Orangi, taratibu kuliko alivyowahi kwenda tangu aajiriwe, akisimama kwenye kila taa hata ile isiyowaka.

Alipogonga, mkewe Shagufta alifungua akiwa na sufuria mkononi.

"Umesahau nini tena, Baba Kiran?"

"Nimesahau?"

"Si umetoka sasa hivi." Akamwonyesha mkeka. Palikuwa na sahani, mifupa imekwanguliwa mpaka ikawa myeupe, na maji yamenywewa. "Umekula bila neno. Nimekuuliza habari ya Jumman, kimya. Hata kofia hukuvua mpaka nilipokukaripia. Na tafadhali usimpandishe mtoto tena kwenye pikipiki, amenitia kiwewe."

"Mtoto gani?"

"Una watoto wangapi? Kiran. Ameshika bomba la moshi kwa kiganja chote, nami nikapiga kelele nikijua ameungua. Halikuwa na moto. Umetoka mjini kwa pikipiki na bomba la moshi ni baridi kama chuma cha kisimani. Hiyo pikipiki unaisukuma?"

Tufail aligeuka akaitazama pikipiki yake nje. Bomba lilikuwa bado linatatarika kwa joto.

Hakulala usiku ule. Alikaa akiwatazama wawili hao, mke na mtoto wa miaka mitatu, na chumba kizima kilikuwa kinanuka breki zilizoungua, harufu ile ya mteremko mkali na mguu uliokanyaga kwa nguvu zote, nayo ilitoka kwenye mto wake mwenyewe, upande wake wa kitanda, pale ambapo yeye hakuwa amelala tangu asubuhi. Na kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa, hata akikimbia, hata akipita vichochoroni, hata akitoka dukani palepale mtaani na mkate wa jioni, anakuta mkewe ameshapokea mkate, mtoto ameshabusiwa, kiti chake kimeshakaliwa na bado kina baridi. Mara ya mwisho Shagufta alimtazama kwa muda mrefu mlangoni, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Nikikufungulia wewe, yule akija nitamwambia nini?" Hapo ndipo Tufail alipoelewa kuwa hakuna aliyemfukuza nyumbani kwake. Alikuwa tu anachelewa.

Wakamwita mganga, Baba Qudrat. Kuta zote za Karachi zina jina lake kwa rangi nyekundu: mapenzi, mtoto wa kiume, viza, na majini ya aina zote, matokeo kabla ya Ijumaa. Alikuja na ubani, pilipili kavu na hirizi za kutosha kuvisha kikosi. Akafukiza. Akasoma. Pilipili zikawaka bila kumkohoza mtu, jambo ambalo hakulipenda. Mwishoni akaiweka simu ya Tufail juu ya mkeka, simu iliyokuwa imezimwa tangu siku ya Jumman, akauliza kwa sauti ya kazini, "Wewe ni nani?"

Simu ikawaka. Ikajibu kwa sauti ya Tufail, ya upole, ile anayotumia kwa wateja.

"Nimefika."

Baba Qudrat aliisogeza simu kwa ncha ya fimbo. Nampa heshima yake, mganga mwingine angeongeza bei.

"Huyu hasikii maandiko," akasema. "Hana dini, hana ukoo. Amezaliwa ndani ya kazi yako. Niambie sheria za huko."

"Sheria zipi?"

"Za kampuni. Mwenye nyumba ana sheria, na jini wa nyumba anazifuata. Kitu gani kinamfukuza dereva wenu getini kwa mtu?"

Tufail akafikiri. "Mteja asipotokea. Tunampigia, tunagonga, simu inahesabu. Ikifika mwisho, oda inafutwa na dereva lazima aondoke. Na nyumba hiyo inafungiwa, hatupangiwi kwenda huko tena."

"Hata ukitaka kuendelea kusubiri?"

"Haturuhusiwi kusubiri. Kusubiri ndiyo kosa kubwa kuliko yote."

Baba Qudrat akamgeukia Shagufta. Huyu mama mnono wa Orangi, mwenye unga hadi viwikoni, alikuwa amesimama mlangoni muda wote akisikiliza.

"Binti yangu, utaagiza chakula kwa simu yako. Mumeo atakichukua, atakwenda palepale makaburini, atabonyeza na kuapa kama alivyoapa mwanzo. Yule atakuja hapa. Usimfungulie. Usimfukuze pia, ukimfukuza umeikata hesabu ya simu. Mwambie asubiri, muda umwishie. Mumeo naye atakuja kwa miguu, bila kubonyeza kitu tena."

"Na nikimfungulia kwa bahati mbaya?"

"Atakayepokelewa na wewe ndiye aliyefika. Mwingine atabaki njiani maisha yake yote."

"Nitawatofautishaje?"

Baba Qudrat alijikuna kidevu. "Mume ni wako," akasema.

Jioni ile umeme ulikatika kama kawaida yake, mtaa ukawa giza, majenereta ya matajiri yakaanza kunguruma mbali. Shagufta alimlaza Kiran kitandani, akatia komeo, akasimama nyuma ya mlango na simu mkononi. Baba Qudrat, ambaye kuta za mji mzima zinatangaza kuwa wafalme wa majini wanamsujudia, alikuwa jikoni amekumbatia mtungi wa gesi.

Adhana ya magharibi ilikuwa haijakamilika. Nje, kwenye kichochoro, ikasikika sss, ndefu, kama kanga inapasuliwa kutoka upindo hadi upindo. Simu ya Shagufta ikalia: dereva wako amefika.

Mlango ukagongwa. Mara tatu, polepole, kama Tufail.

"Nifungulie, Shagufta. Ni mimi."

"Subiri," akasema. "Natafuta ufunguo."

"Uko kwenye msumari, nyuma ya kalenda."

Ulikuwa hapo. Hakuna mwingine aliyejua ila wao wawili.

"Subiri kidogo. Giza."

"Washa taa ya simu. Unayo mkononi."

Shagufta aliishusha simu taratibu, akaificha kwenye mtandio wake. "Mtoto amelala, usipaze sauti."

"Amelalia mkono wa kushoto," sauti ikasema, na ilikuwa imeshuka, imekuwa mnong'ono wa chumbani, mnong'ono wa mume. "Unakumbuka ulipokuwa na mimba yake, homa ikakushika kwa mama yako kule Landhi, mabasi yamegoma, nikakubeba mgongoni hadi zahanati? Ulinitapikia shingoni. Nikasema ni baraka. Nifungulie, Mama Kiran. Yule anayekuja nyuma si mimi. Yule ndiye aliyempita Jumman barabarani."

Hapo ndipo mkono wa Shagufta ulipokwenda kwenye komeo, na simlaumu, maana ile habari ya Landhi ilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kusimuliwa, na yule aliyekuwa nje aliisema na kicheko kidogo mwishoni, kicheko cha Tufail cha puani, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba labda mganga amewakosea, labda aliyekuwa akilala naye ndiye jini na huyu ndiye mtu, na kwamba ameliweka giza hili na mlango huu kati yake na mume wake wa halali, ambaye sasa, akichoka kubisha, atageuka aende zake asirudi tena. Komeo lilisogea kidogo. Mkono ukasita. Shagufta akasema neno ambalo mke yeyote angemwambia mume aliyechoka.

"Basi kaa hapo kwenye kizingiti upumzike. Nakuja."

Kimya.

"Kaa, Baba Kiran."

"Siwezi kukaa."

"Kwa nini?"

"Muda."

Naye akajua. Tufail wake, ukimwambia akae, matako yanagusa chini kabla hujamaliza neno.

"Kaa tu kidogo," akasema, na akauondoa mkono kwenye komeo.

"Fungua."

"Subiri."

"Niko getini. Dada, niko getini kwako. Wallahi niko getini." Mlango ukaanza kutetemeka, si kama unaogongwa bali kama ngao ya pikipiki kwenye mwendo ambao pikipiki haikuundwa kwenda, na harufu ya breki ikaingia kwa chini, nzito, ya moto, ikampanda Shagufta puani mpaka machozi yakamtoka, na zile sauti nje zikawa nyingi, zote za wanaume waliochoka, kaka niko getini, dada niko chini ya ngazi, mama nimefika naomba uteremke, nyingine hazifahamu na nyingine anazifahamu, na katikati yake ikatokea sauti ya Jumman yenyewe, inaomba kwa unyonge, nishike mkono, mwanangu, nishike mkono, na Kiran akaamka akaketi kitandani akasema kwa utulivu, "Baba yuko nje," na Shagufta akamfunika mtoto mdomo kwa kiganja chenye unga na kusema kwa mlango, kwa mnong'ono, tena na tena mpaka ulimi ukakauka, subiri, subiri, subiri kidogo, nakuja, subiri.

Ndani ya mtandio simu ikalia mara moja. Oda imefutwa. Mteja hakupatikana.

Mlango ukatulia. Sss ile ikapita kichochoroni, ikaenda zake kwa mwingine.

Jua lilikuwa limezama zamani, majirani wameshakula, ndipo viatu vilipokuja, vinaburuzwa.

"Shagufta," sauti ikasema, inahema.

"Subiri."

"Haya."

Akamsikia anakaa chini palepale na kutoa mguno wa ng'ombe. Akamsikia anavua kiatu, anakikung'uta, kijiwe kinadondoka. Hakuuliza kwa nini, hakugonga tena. Shagufta hakufungua. Aliweka sikio kwenye mbao na kungoja, kwa sababu alikuwa amekaribia kudanganyika mara moja jioni ile na hakutaka kubahatisha. Akangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha kutoka upande wa pili, chini kabisa ya mlango, ukaanza mkoromo, wa kwanza mdogo, wa pili kama msumeno kwenye ubao mbichi.

Akafungua komeo.

Tufail siku hizi anauza maji ya miwa karibu na kituo cha basi, na foleni yake ni ndefu kwa sababu hamharakishi mtu wala hajiharakishi. Jumman anatembea kwa fimbo na kumdai glasi za bure. Nyumba ya Tufail kule Orangi haijagongwa tena na mgeni wa namna ile.

Lakini nilipita kituoni kwa yule Faraz, kusalimia tu, mimi hupita kila mahali. Muda wao umekatwa tena. Ukutani wamebandika picha ya dereva bora wa mwezi, amevaa kofia, kioo kimeshushwa, na chini wameandika jina la Tufail. Nikamwambia Faraz, huyu mtu aliacha kazi kabla ya mvua, yuko anakamua miwa. Akaitazama simu yake, akanionyesha. "Ami, acha utani. Yuko kazini sasa hivi. Ana oda tatu."

Kwa hiyo ukiwa Karachi ukaagiza chakula, na kikafika kabla hujapata sahani, usimkimbilie mlangoni. Mwambie kwa ndani asubiri kidogo. Akiweza kusubiri, mfungulie, mpe na maji ya kunywa. Huyo ni mtu.